Bamba la Zege Juu ya Shimo: Upande Gani Unavutwa?

Somo la leo ni la ufundi, nalo latufaa sote, wajenzi na wasio wajenzi. Ninyi mlio na karatasi hii mkononi, someni polepole, sehemu moja moja. Kila mnapofika penye neno Jaribuni, simameni kwanza, mfanye jaribio, ndipo mwendelee. Vitu vinavyotakiwa si vya kununua: kandambili moja, kalamu, kipande cha chaki, jalada gumu la daftari, vitabu vinne, na jiwe dogo.

1. JAMBO LENYEWE

Lembeni iko chini ya milima ya Upare, kando ya barabara kuu itokayo Same kwenda Mwanga na Moshi. Reli ya kutoka Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, nayo inapita hapo. Kule juu milimani kuna mvua na migomba. Huku chini tambarare ni pakavu, na mchwa ni wengi.

Katika nchi ya namna hii mtu akichimba choo cha shimo, taabu yake kubwa haiko katika kuchimba. Taabu iko katika kufunika. Miti iliyolazwa juu ya shimo na kusiribwa udongo huonekana imara kwa juu, kumbe kwa chini mchwa wanakula. Siku moja mguu wa mtoto unazama. Kwa hiyo mtu akipata uwezo kidogo hununua saruji, humwita fundi, na kumwambia: "Nitengenezee bamba la zege."

Zege haliliwi na mchwa. Lakini zege nalo huvunjika. Tena mti mara nyingi hulia kabla ya kukatika. Zege lililotengenezwa vibaya hukatika kimya. Ndiyo sababu yafaa kila mtu anayesimama juu ya bamba ajue linafanya kazi gani chini ya miguu yake.

Habari za vyoo na redio si ngeni katika nchi yetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusoma na kusikiliza redio kwa majuma 12. Walijifunza habari za malaria, kichocho na magonjwa ya kuhara, na baada ya kujifunza wakachimba vyoo vingi. Leo tutajifunza habari za kifuniko cha shimo.

Tuseme mama mmoja hapa Lembeni ana shimo la mraba, upana wake sentimita 90 kila upande. Amepanga kulifunika kwa bamba la sentimita 120 kila upande, lenye unene wa sentimita 8. Fundi amefika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kazi yaanza leo?"

"Yaanza, mama. Lakini bamba la sentimita 8 lala saruji. Tufanye sentimita 6. Utaokoa robo ya mfuko mzima."

"Na nguvu je?"

"Nguvu itapungua robo tu, mama, kama saruji ilivyopungua."

Je, fundi amesema kweli? Mkifika sehemu ya tano ya somo hili mtaweza kumjibu wenyewe.

2. BAMBA NI NINI?

Bamba ni kitu kipana, bapa, chenye unene mdogo. Sinia ni bamba. Mlango ni bamba. Ubao wa darasani ni bamba. Wataalamu wa hesabu za ujenzi hulihesabu bamba kuwa jembamba ikiwa unene wake haufiki sehemu moja ya kumi ya nafasi linayovuka. Shimo la mama yetu lina nafasi ya sentimita 90. Sehemu moja ya kumi ya 90 ni 9. Unene wa sentimita 8 haufiki 9. Basi bamba hili ni jembamba, ijapokuwa ni zito.

Uzito wake ni kiasi gani? Hebu tuhesabu pamoja. Mita 1.2 mara mita 1.2 mara mita 0.08 ni karibu mita 0.115 za ujazo. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Kwa hiyo bamba lote lina kilo 276. Hizo ni zaidi ya mifuko 5 ya saruji ya kilo 50.

Tazameni jambo hilo. Kabla mtu yeyote hajakanyaga, bamba limekwisha kubeba mzigo: linajibeba lenyewe, usiku na mchana. Mtu wa kilo 70 akija juu yake, anaongeza mzigo juu ya mzigo.

3. YANAYOTOKEA NDANI YA BAMBA

Kitu kilichoegemezwa kingo zake na kubebeshwa mzigo hupinda. Bamba la zege hupinda pia, ila kidogo sana, jicho halioni. Basi tutazame kitu kinachopinda sana.

Jaribuni. Chukueni kandambili. Tazameni ubavu wake, pale unapoonekana unene wa soli. Kwa kalamu pigeni mistari midogo kumi ya kusimama, kutoka juu hadi chini, ikiachana kwa upana wa kidole. Kisha pigeni mstari mmoja mrefu wa kulala, katikati kabisa ya unene. Sasa ishikeni kandambili kwa ncha zake mbili, mwipinde ili katikati ishuke, kama bamba lililoelemewa. Tazameni mistari.

Upande wa juu mistari imekaribiana. Maana yake ni kwamba soli ya juu inabanwa. Upande wa chini mistari imeachana. Maana yake ni kwamba soli ya chini inavutwa. Mstari wa kulala ulio katikati haukurefuka wala haukufupika. Na ile mistari ya kusimama, ingawa imeinama, bado imenyooka.

Hayo mliyoyaona ndiyo msingi wa elimu yote ya kupinda kwa mabamba membamba. Vitabu vinene vimeandikwa juu ya elimu hiyo, vimejaa hesabu ngumu, lakini vyote vinaanza na mambo haya mawili. La kwanza: tabaka la katikati halivutwi wala halibanwi. La pili: mstari ulionyooka kupita unene wa bamba hubaki umenyooka bamba linapopinda.

Kutoka katika mambo hayo mawili twapata la tatu. Kadiri tabaka lilivyo mbali na katikati, ndivyo linavyobanwa au kuvutwa zaidi. Ngozi ya juu kabisa ndiyo inayobanwa kuliko zote, na ngozi ya chini kabisa ndiyo inayovutwa kuliko zote. Katikati hapana kazi kubwa.

4. NONDO ZIWEKWE WAPI?

Jaribuni. Chukueni kipande cha chaki. Kibaneni kwa vidole kutoka ncha hadi ncha, bila kukipinda. Hakivunjiki. Sasa kipindeni kidogo. Kimekatika mara moja. Chaki huvumilia kubanwa, haivumilii kuvutwa.

Zege ni ndugu yake chaki. Likibanwa lina nguvu nyingi. Likivutwa, nguvu yake ni karibu sehemu moja ya kumi tu ya ile ya kubanwa. Basi bamba la zege tupu likipinda, ufa huanza upande wa chini, unaovutwa, tena mahali ambapo mwenye choo haoni kamwe. Ufa ukiisha kuanza hupanda juu, na bamba hukatika.

Chuma ni kinyume cha chaki. Chuma hupenda kuvutwa. Ndiyo sababu twatia nondo ndani ya zege. Lakini nondo si dawa ya kutiwa popote ilimradi imo. Nondo inafanya kazi pale panapovutwa. Katika bamba lililofunika shimo, panapovutwa ni chini. Basi nondo ziwe chini.

Zisiwe chini kabisa, hata kugusa udongo au ubao wa fremu. Nondo ikikosa zege la kuifunika hupata kutu, na unyevu wa shimoni huharakisha kutu hiyo. Kutu huvimba, huvunja zege, na nondo huliwa. Yafaa pawe na zege la sentimita 2.5 chini ya nondo. Mafundi wazuri hutengeneza vijiwe vidogo vya saruji vya unene huo, huvikausha kwanza, kisha huvipanga chini ya nondo ili zisizame wakati wa kumwaga.

Fundi mwingine huweka nondo juu kwa sababu ni rahisi: humwaga zege lote, kisha huzibonyeza nondo kidogo kwa juu. Bamba hilo lina chuma, na fedha za chuma zimekwisha kulipwa, lakini upande wa chini ni zege tupu. Ni kama chaki iliyofungwa kamba mgongoni.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hulisahau. Bamba likitengenezwa mahali pengine, kisha likabebwa hadi shimoni, laweza kugeuzwa njiani bila mtu kujua. Nondo zilizokuwa chini sasa ziko juu, na kwa macho bamba ni lile lile. Kinga yake ni ninyi wenyewe mnaojua kuandika. Zege likiwa bado bichi, chukueni msumari, mwandike juu yake kwa herufi kubwa: JUU. Neno la herufi tatu laweza kuokoa uhai wa mtu.

Je, nondo ni chini siku zote? Hapana. Tazameni kile kivuli cha zege kinachotokeza ukutani juu ya dirisha. Kimeshikwa upande mmoja tu, na upande wa pili uko hewani. Kikielemewa, ncha yake hushuka. Pindeni kandambili namna hiyo, mkiishika kisigino tu, mkibonyeza ncha. Mistari ya juu ndiyo inayoachana. Kumbe hapo nondo ziwe juu. Kwa hiyo msikariri kwamba nondo ni chini. Karirini swali: upande gani unavutwa? Nondo hufuata upande unaovutwa.

5. UNENE

Sasa turudi kwa fundi aliyetaka kupunguza unene kutoka sentimita 8 hadi 6.

Nguvu ya bamba ya kukataa kuvunjika haifuati unene wenyewe. Hufuata unene mara unene. Hebu tufanye hesabu. Kwa bamba la sentimita 8: 8 mara 8 ni 64. Kwa bamba la sentimita 6: 6 mara 6 ni 36. Basi nguvu imeshuka kutoka 64 hadi 36. Imepotea 28 katika 64, yaani karibu nusu.

Na ugumu wa bamba, yaani nguvu ya kukataa kupinda, hufuata unene mara unene mara unene. 8 mara 8 mara 8 ni 512. 6 mara 6 mara 6 ni 216. Ugumu uliobaki haufiki nusu ya ule wa kwanza.

Hesabu hii ni ya bamba la kitu cha namna moja. Zege lenye nondo lina hesabu yake, maana hapo tunapima kutoka uso wa juu hadi katikati ya nondo. Lakini hata hapo mambo hayawi mema. Ikiwa nondo zimefunikwa sentimita 2.5 kwa chini, bamba la sentimita 8 linazo sentimita 5 hivi kutoka juu hadi kwenye nondo. Bamba la sentimita 6 linazo 3 hivi. Nondo ni zile zile, fedha ni zile zile, lakini nguvu imepungua kama sehemu 2 katika 5.

Basi jibu la mama ni hili: "Mwanangu, nikiokoa robo ya saruji nitapoteza karibu nusu ya nguvu. Fanya sentimita 8." Fundi hakudanganya kwa nia mbaya. Alidhani nguvu na saruji hupungua kwa kipimo kimoja. Watu wengi hudhani hivyo.

6. NAFASI, NA KUTA NNE

Unene ni jambo moja. Nafasi inayovukwa ni jambo la pili. Tuseme uzito umesambaa juu ya bamba zima, na unene haubadiliki. Ukiongeza nafasi mara mbili, kutoka mita 1 hadi mita 2, mvuto ndani ya bamba huongezeka mara 4, na kushuka kwa katikati huongezeka mara 16. Ndiyo sababu shimo pana ni adui wa bamba. Mtu akitaka shimo kubwa, afadhali achimbe kwenda chini, au alifanye refu lakini jembamba, kama ardhi ni imara.

Wenzetu wa pwani waliijua kanuni hii tangu zamani. Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja, dari zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa juu ya boriti za mikoko. Mawe na chokaa havivumilii kuvutwa, basi boriti zilipewa kazi hiyo. Na kwa kuwa boriti hazina urefu mkubwa, vyumba vilifanywa virefu lakini vyembamba. Upana wake mara nyingi hauzidi mita 3. Waliojenga hawakuandika hesabu, lakini vyumba vyao vinaonyesha kuwa walielewa.

Sasa tuone faida ya kuta nne.

Jaribuni. Wekeni vitabu viwili mezani, viachane kidogo. Lazeni jalada la daftari juu yake, liegemee pande mbili tu. Wekeni jiwe katikati, mtazame linavyoshuka. Kisha ongezeni vitabu viwili vingine, ili jalada liegemee pande zote nne. Wekeni jiwe lile lile. Limeshuka kidogo kuliko kwanza.

Kwa nini? Kwa sababu jalada lililoegemea pande mbili hupinda upande mmoja tu, kama ubao wa daraja. Lililoegemea pande nne hulazimika kupinda pande mbili kwa wakati mmoja, na kila upande unamsaidia mwenziwe. Wenye hesabu wamekokotoa kwamba bamba la mraba lililoegemea pande zote nne, lenye mzigo uliosambaa, huvutwa katikati yake chini ya nusu ya vile ambavyo lingevutwa kama lingeegemea pande mbili tu.

Basi kabla ya kulaza bamba, jengeni ukingo wa tofali au mawe kuzunguka shimo pande zote nne, uwe sawa sawa. Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine, bamba haliegemei hapo, na ile faida imepotea.

Lakini angalieni: faida hii ni ya shimo la mraba. Shimo likiwa refu, urefu wake mara mbili ya upana, mzigo karibu wote hukimbilia kuta zilizo karibu, na bamba hufanya kazi kama lililoegemea pande mbili. Hapo nondo kubwa na za karibu karibu zipite upande mfupi. Wengine hufanya kinyume: huweka nondo nene upande mrefu, wakidhani urefu ndio wenye kazi. Mzigo hupenda njia fupi, kama mtu aliyebeba kuni.

Jambo moja zaidi. Bonyezeni kwa kidole katikati ya lile jalada lililo juu ya vitabu vinne. Tazameni pembe zake. Zinataka kuinuka. Bamba la zege nalo hufanya hivyo. Lilalie saruji laini kwenye ukingo wote, pamoja na pembe, ili lisicheze.

7. ALIYEJIFUNZA NYUMBANI

Labda mwasema: hesabu hizi ni za watu wa vyuo vikuu. Sikilizeni kisa cha Bibi Sophie Germain.

Alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1776. Mwaka 1794 chuo kikubwa cha ufundi na hesabu kilifunguliwa mjini humo, lakini wanawake hawakuruhusiwa kuingia. Bibi Sophie alitafuta maandishi ya masomo ya chuo hicho, akayasoma nyumbani. Alipotaka kuwaandikia walimu, alitia sahihi kwa jina la mwanamume, LeBlanc, ili wasimdharau.

Mwaka 1808 mtaalamu mmoja Mjerumani, Ernst Chladni, alifika Paris na mchezo wa ajabu. Alinyunyiza mchanga laini juu ya bamba jembamba, akausugua ukingo wake kwa upinde wa fidla. Bamba likalia, na mchanga ukaruka, ukajipanga katika mistari mizuri. Mchanga ulikimbia mahali bamba lilipokuwa likipinda na kurudi, ukatulia mahali pasipotikisika. Wakubwa walipendezwa, lakini hapakuwa na mtu aliyeweza kueleza kwa hesabu jinsi bamba linavyopinda. Mwaka 1809 zawadi ikatangazwa kwa atakayeweza.

Bibi Sophie alipeleka kazi yake mwaka 1811. Ikakataliwa. Akarudia mwaka 1813. Akasifiwa, lakini hakupewa zawadi. Akarudia mara ya tatu, na mwaka 1816 akaipata. Hata hapo kazi yake ilikuwa na mapengo, na wengine waliendelea kuyaziba. Mwaka 1850 Mjerumani mwingine, Gustav Kirchhoff, aliiweka elimu hiyo katika namna tunayoitumia mpaka sasa. Ile mistari ya kandambili yenu, inayoinama lakini ikabaki imenyooka, imo katika kazi ya Kirchhoff.

8. KUPATA NGUVU KWA UMBO

Je, kuna njia ya kupata nguvu bila kuongeza unene? Ipo. Tazameni mabati ya nyumba zenu. Bati la geji 30 lina unene wa karibu milimita 0.3 tu. Kama lingekuwa bapa lingeyumba kama karatasi. Lakini limetiwa mikunjo, na mikunjo hiyo imepeleka chuma mbali na katikati, juu na chini. Mnakumbuka: kazi kubwa iko mbali na katikati. Basi bati jembamba linafanya kazi kama kitu kinene. Lakini ni upande mmoja tu. Ukilipinda upande wa pili, likunje kufuata mikunjo, halikatai.

Wenzetu wa Msumbiji walitumia umbo kwa njia nyingine. Tangu mwaka 1979 ilienea huko namna ya bamba la choo lisilo na nondo hata moja. Ni la duara, upana wake mita 1.5, unene wake sentimita 4 tu, nalo limeinuka katikati sentimita 10 hivi, kama sinia iliyofunikwa kichwa chini. Kwa kuwa limeinuka, mzigo huligandamiza zege kuelekea kingoni badala ya kulivuta. Zege hupenda kubanwa, basi halidai chuma. Lakini umbo hilo hutaka kipimo sahihi na mkono uliofundishwa. Mtu asichukue bamba bapa, akaliondolea nondo, akasema anafuata Msumbiji. Bamba bapa lisilo na nondo ni chaki.

9. KAZI YENYEWE

Haya ndiyo mambo ya kufuata kwa bamba la mama yetu, la sentimita 120 kila upande.

Nondo. Tumieni nondo za milimita 8, ziachane sentimita 15, pande zote mbili. Hizo ni nondo 8 upande huu na 8 upande huu, jumla 16. Kila moja iwe na urefu wa sentimita 115. Nondo moja ndefu ya dukani, yenye karibu mita 12, hutoa vipande 10 vya urefu huo. Nunueni mbili, mtapata vipande 20. Vile 4 vinavyobaki vina kazi yake.

Tundu. Tundu la choo hukata nondo zinazopita hapo. Nguvu iliyokatwa sharti irudishwe. Wekeni vile vipande 4 kuzunguka tundu, kimoja kila upande. Pembe za tundu zifanywe mviringo, maana ufa hupenda kuanzia penye pembe kali.

Zege. Ndoo 1 ya saruji, ndoo 2 za mchanga safi, ndoo 3 za kokoto ndogo. Mfuko mmoja wa kilo 50 watosha. Maji yawe ya kiasi. Zege lenye maji mengi ni rahisi kumwaga, lakini likikauka huwa dhaifu.

Kumwaga. Shindilieni vizuri pembeni na chini ya nondo. Msikanyage nondo. Andikeni JUU.

Kulowanisha. Katika jua la Lembeni zege hukauka upesi, na zege lililokauka upesi halikomai. Lifunikeni kwa magunia au majani, mlimwagie maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Zege huendelea kupata nguvu, na kipimo cha mafundi ni siku 28. Msilikimbilie.

Kujaribu. Kabla ya kulipeleka shimoni, liinueni bamba, liegemeeni tofali kwenye kingo zake zote nne, sentimita 10 tu kutoka chini. Watu wazima kadhaa wasimame juu yake. Likivunjika hapo, mmepoteza mfuko wa saruji. Likivunjika juu ya shimo, mwaweza kupoteza mtu.

Kubeba. Kilo 276 zikigawanywa kwa watu 8 ni karibu kilo 35 kila mtu. Ni afadhali zaidi kulimwaga karibu na shimo.

10. MASWALI YA KUZUNGUMZIA DARASANI

1. Katika bamba linalofunika shimo, upande gani unavutwa? Na katika kivuli cha dirisha?

2. Bamba la sentimita 4 na bamba la sentimita 8 ni la kitu kimoja. Nguvu ya la pili ni mara ngapi ya la kwanza? Na ugumu wake ni mara ngapi?

3. Shimo lina upana wa mita 1 na urefu wa mita 2. Nondo za karibu karibu zipite upande gani? Kwa nini?

4. Mtu ameletewa bamba lililotengenezwa mjini, halina alama. Atajuaje upande wa juu? Je, alilaze bila kujua?

5. Kila mwanafunzi akague bamba la choo cha nyumbani kwake na la shule iliyo karibu. Aangalie kama lina ufa, kama linacheza, kama linaegemea pande zote nne. Lenye ufa lisikanyagwe tena mpaka fundi aliangalie, na watoto waambiwe leo leo, wasingoje kesho.

Somo limekwisha. Mwenye kandambili yenye mistari aivae akaitembelee, majirani wakimwuliza, awaeleze. Kwaherini.